Mkono wa Mwisho Kwenye Gurudumu

Katika yadi ile ya kokoto palikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeweza kuifuta. Gurudumu likiharibika, anayejibu ni yule aliyeligusa mwisho. Haikuulizwa nani aliendesha, wala ardhi ilikuwaje, wala mzigo ulizidi kiasi gani. Msimamizi alikuja akasimama mbele ya chombo kilicholala, akashika kiuno, akauliza, "Mkono wa mwisho wa nani?" Na kwa kuwa mkono wa mwisho kwenye gurudumu, kwa kawaida ya kazi, ni wa fundi tairi, jibu lilitangulia swali.

Fundi tairi wa yadi hiyo alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye maneno machache na kucha zilizokatwa hadi nyamani. Kibanda chake cha mabati kiliegemea ukuta wa lango. Ndani mlikuwa na kompresa, jeki, mitaimbo ya kubandulia matairi, ndoo ya maji ya sabuni, na brashi za waya zilizotundikwa kwa kufuata ukubwa. Mtu akirudisha brashi mahali pasipo pake hakumkemea; aliinuka tu, akaihamisha huku mwenye kosa akitazama. Msimamizi alimwita Fundi. Wapakizi walimwita Shemeji, kwa sababu mumewe ndiye aliyeendesha trekta la yadi, lile lenye kijiko kikubwa cha chuma mbele, cha kuzolea kokoto na kuzimwaga ndani ya malori. Mume mwenyewe walimwita Nahodha, kwa namna alivyoyumba juu ya kiti akipita mashimoni, kama mtu aliye chomboni siku ya mawimbi.

"Mume anaangusha, mke anainua," alikuwa akisema Redio, mpakizi aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuwa na swichi ya kuzimia. "Nyumba hiyo haiwezi kulala njaa."

Kilichokuwa kikianguka ni tairi la mbele la upande wa kulia. Tairi hilo halikuwa na tyubu. Lilikuwa na mdomo, yaani ule ukingo mnene wa ndani, wenye waya katikati, unaokaa kwenye bega la rimu na kuuzuia upepo usitoke. Mdomo huo haushikwi na gundi wala boliti. Unashikwa na upepo wenyewe, unaousukuma kutoka ndani. Upepo ukitosha, hata nyundo haiutoi kwa urahisi. Upepo ukipungua, dereva haoni dalili yoyote. Trekta tupu litatembea vizuri, tena kwa ulaini kuliko siku zote. Lakini kijiko kikijazwa na kuinuliwa, uzito wote hukimbilia kwenye magurudumu mawili madogo ya mbele, na kona ikikatwa ghafla tairi husukumwa ubavu. Hapo mdomo huteleza na kuachia rimu, na kokoto ndogo huingia katikati kama mchanga kwenye jino. Trekta hupiga goti.

Lilipopiga goti mara ya kwanza, Fundi alilitengeneza mbele ya wapakizi wote. Aliweka ubao mpana chini ya jeki ili isizame, akalivua gurudumu, akabandua upande mmoja wa tairi na kumulika ndani kwa tochi, huku akiupapasa mdomo kwa vidole, taratibu, akitafuta waya uliochomoza. Haukuwapo. Alilisugua bega la rimu hadi kutu ikaisha na kokoto ya mwisho ikadondoka. Akapaka maji ya sabuni. Akazungusha mkanda wa kufungia mizigo katikati ya tairi na kuukaza, ili tairi libinywe tumboni na midomo yake itanuke kuelekea rimu. Mwisho alichomoa kisindano cha ndani ya valvu, upepo uingie kwa kasi.

"Shemeji, unajisumbua bure," Redio alimwambia. "Mwaga petroli kidogo humo ndani, washa kiberiti, pu! Linakaa lenyewe. Pale barabarani wanafanya hivyo."

"Pale barabarani kuna mtu hana uso," alijibu Fundi bila kuinua kichwa.

Aliunganisha mpira mrefu wa kompresa, akasimama kando ya gurudumu wala si mbele yake, akawaamuru wote warudi nyuma. Midomo iliposhika rimu alisimamisha upepo, akalegeza mkanda, akaendelea. Tairi likalia pa! Baada ya kimya kifupi likalia tena pa! Mdomo wa nje umekaa, na wa ndani umekaa. Akarudisha kisindano, akapima kwa geji, akaongeza hadi kiwango cha kazi ya kijiko, ambacho ni kikubwa kuliko cha kulima.

Kisha akafanya jambo ambalo wengi waliliona la kujipamba. Alichukua rangi nyeupe akachora mstari mmoja kutoka ubavu wa tairi hadi kwenye rimu. Tairi likiteleza hata kidogo, mstari utakatika, nusu moja huku, nusu nyingine kule. Na kwenye kifuniko cha valvu alitia nukta, ikitazamana na nukta nyingine kwenye shina lake. Atakayekifungua na kukirudisha bila kujua, nukta hazitatazamana tena.

"Sasa unalitia wanja?" aliuliza Redio.

"Ndiyo," alisema Fundi, akafunika kopo la rangi.

Alimweleza mumewe, kama fundi anavyomweleza dereva, kwamba kijiko kilichojaa kibebwe chini, karibu na ardhi, kiinuliwe tu mbele ya lori. Kona zikatwe kwa upana. Usukani usizungushwe trekta likiwa limesimama. Nyuma ya trekta akatundika pipa alilolijaza zege, liwe uzito wa kukipinga kijiko. Nahodha alisikiliza akitazama pembeni. Kwa muda tairi lilitulia.

Likatoka tena.

"Mkono wa mwisho wa nani?"

"Wangu," alisema Fundi, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Msimamizi hakupandisha sauti. Alikuwa mtu ambaye hufukuza watu kwa sauti ya kuagiza maji ya kunywa. "Fundi, likitoka tena, kompresa yako italala nje ya lango. Kuna mtu wa barabarani ananiomba kibanda hicho kila nikipita."

Kibanda hicho alikijenga bati kwa bati kabla ya kuolewa. Mume alimkuta nacho. Wateja wake wote walikuwa malori yaingiayo yadini, na nje ya lango hapakuwa na gurudumu lisilo na fundi wake wa siku nyingi. Akikipoteza, asingehamisha kazi. Angeiacha.

Ndipo akaanza kufika mapema kukagua. Siku ya kwanza alikuta mstari mweupe uko mzima, haukukatika, lakini nukta za valvu zimepeana mgongo. Akaweka geji. Upepo ulikuwa umeshuka. Tairi halikuvuja, lilifunguliwa. Akalijaza, akazipanga nukta. Kesho yake mambo yakawa vilevile.

Mumewe alikuwa na desturi ya kumtangulia kazini, akisema injini ya dizeli yataka kuamshwa kwa upole. Asubuhi moja Fundi alimfuata nyuma bila kuitwa, akasimama ubavuni mwa lori lililoegeshwa. Alimwona Nahodha akijishusha kidogo kidogo, mkono mmoja umeng'ang'ania bati la juu ya gurudumu, hadi akaketi juu ya jiwe. Akafungua kifuniko. Akatoa kitu mfukoni mwa shati, akakichomeka kwenye valvu. Upepo ukaanza kufyonya. Nahodha alifumba macho, kama mtu anayesomewa habari njema.

Kile kitu Fundi alikijua hata kwa mbali. Kilikuwa pini yake ya nywele, aliyoitafuta mpaka chini ya kitanda.

Hakumwendea. Yadi si mahali pa kusemezana na mume. Alisubiri nyumbani.

Nyumbani kwao kulikuwa na vyumba viwili na kibaraza, na mama mkwe aliketi kibarazani kutwa nzima, ungo mapajani, akichambua mchele na watu. Nahodha alikuwa amelala chali sakafuni, juu ya mkeka, maana kitanda kilikuwa kimemshinda.

"Pini yangu iko wapi?" Fundi aliuliza.

Mumewe alitazama dari. "Ipo."

"Pini ya nywele ni ya nywele, bwana. Valvu ile si yako kuifungua."

"Kwa upepo wako nakaa juu ya jiwe," alisema. "Kile kiti hakina springi hata moja. Kila shimo linanipanda mpaka kwenye meno. Nikitoa kidogo, angalau napumua."

"Basi tuombe kiti."

"Niliomba. Nikaambiwa kiti si kitanda." Akajigeuza ubavu, polepole, kama mtu anayegeuza kitu cha kuazima. "Na yule aliyekuwa kabla yangu, siku aliyotamka neno mgongo, jioni hakuwa na kazi. Unakumbuka vizuri. Mimi ndiye niliyepewa ufunguo wake, na wewe ulifurahi."

"Nilifurahi," alikiri Fundi. "Lakini tairi likitoka tena, ninayeondoka ni mimi."

"Wewe una ufundi. Kompresa utaiweka popote. Mimi nina nini? Nina mgongo, na wenyewe ndio huu."

Kibarazani ungo ulisimama. "Siri ya mtungi aijuaye kata, mke wa mwanangu," alisema mama mkwe, bila kugeuka. "Lakini kata ikianza kutangaza ya mtungini, itachota maji wapi tena?"

"Mama, mimi sijatangaza kitu."

"Nasema tu. Mdomo wa uzeeni huu, hauna kazi nyingine." Na ungo ukaendelea.

Fundi hakuwa mtu wa kulala na tatizo bila kulipima. Tatizo lilikuwa upepo: mumewe alihitaji ulaini chini yake, na tairi lilihitaji ugumu chini ya trekta. Kwa hiyo alichukua tyubu ndogo ya gurudumu la toroli, akaiziba pancha mbili, akaishonea mfuko wa gunia lililofuliwa, akaitia upepo kidogo, akiuonja kwa dole gumba mpaka ukawa si mgumu wala si tepetepe. Akaipeleka kwenye trekta kabla wapakizi hawajafika, akaiweka juu ya kiti.

"Upepo ukae chini yako," alimwambia mumewe. "Usitoke kwenye tairi."

Nahodha aliikalia. Aliyumba huku, akayumba kule, akashusha pumzi ndefu. Hakusema ahsante, lakini siku hiyo alipiga mluzi akiwa kazini, na Fundi aliusikia kutoka kibandani, akasimamisha brashi mpaka mluzi ukaisha. Siku kadhaa zilipita hivyo. Nukta zilitazamana kila asubuhi. Mstari ulinyooka. Nyumbani mume aliweza kukaa kwenye kiti wakati wa kula, na mama mkwe akakosa la kusema, jambo lililomtia wasiwasi.

Kisha Redio akaiona tyubu.

Nahodha alikuwa ameshuka kwenda kunywa maji. Redio akapanda, akainyanyua juu kwa mikono miwili, akawaonyesha wenzake. "Jamani, njooni! Kuku ametaga kwenye trekta! Nahodha anaatamia!"

Wapakizi wakaacha machepe. Mmoja akatetea kama kuku, wa pili akapokea, na dakika hiyohiyo yadi nzima ikawa banda.

"Vifaranga vitaanguliwa lini, kaka?"

"Au ni bawasiri? Sema bwana, usione haya, tukutafutie dawa!"

"Tumwite Shemeji, yeye ndiye anayempima upepo!"

Msimamizi alitoka ofisini kwa kelele zile. Alimwangalia Nahodha aliyesimama na kikombe cha maji mkononi, akaiangalia tyubu, kisha macho yake yakashuka polepole hadi kwenye kiuno cha dereva wake, yakatua hapo. "Unaumwa?"

Kila mtu alimkumbuka dereva aliyetangulia.

"Siumwi," alisema Nahodha, akicheka zaidi ya wote. "Ni huyu mwanamke na mapambo yake. Ananidekeza kama mtoto anayeota meno!" Akaipokonya tyubu kutoka kwa Redio, akaitupa kuelekea langoni. Ilidunda, ikabingirika, ikalala mbele ya kibanda cha mkewe.

Fundi aliiokota. Akaikung'uta vumbi, akaitundika ukutani, mahali panapolingana nayo kwa ukubwa.

Kesho yake nukta zilikuwa zimepeana mgongo.

Tangu hapo vikawa vita vya watu wawili ambavyo hakuna aliyevitangaza. Mke alijaza alfajiri. Mume, mara tu trekta likifika nyuma ya rundo kubwa la kokoto ambako haonekani, alijishusha na pini yake akapunguza. Mke alijaza tena wakati wa mapumziko, akisingizia ukaguzi. Wakirudi nyumbani walitembea pamoja na kuzungumzia mambo ya dukani. Angeweza kwenda kwa msimamizi siku yoyote, na nukta zingemsemea. Hakwenda. Kata ilikuwa bado inachota.

Tairi lilitoka saa ambayo yadi ilijaa malori. Nahodha alikuwa ameinua kijiko kilichofurika, akakata kona fupi kuwahi lori la mteja. Fundi, aliyekuwa langoni akikaza nati za gurudumu jingine, aliuona mstari wake mweupe ukikatika. Nusu ilibaki kwenye rimu, nusu ikakimbia na tairi. Rimu ikachimba ardhi. Trekta likapiga goti kwa kishindo, kijiko kikainama, na kokoto zote zikamwagika juu ya boneti ya lori la mteja, zikavunja kioo chake cha mbele. Hakuna aliyeumia. Lakini tairi halikuwa la kutengenezwa tena. Mdomo ulikuwa umekatwa na rimu, na waya zake zilitokeza nje kama mbavu za mbuzi aliyechunwa.

Msimamizi alikuja, akashika kiuno.

"Mkono wa mwisho wa nani?"

Safari hii Fundi alimtazama mumewe, aliyekuwa bado juu ya kiti, mikono kwenye usukani. Alimtazama bila hasira na bila kumharakisha. Alimpa nafasi yote ambayo mtu anaweza kumpa mwenzake mbele ya watu.

Nahodha aliitumia. "Ni yeye," alisema. "Nilimwambia tairi halikukaa vizuri. Nimemwambia mara ngapi! Ananijibu nimwachie kazi yake."

Ungelikuwa ukimya tu, pengine Fundi angeubeba. Alikuwa amejiandaa kuubeba. Ule uongo wa nyongeza ndio aliokosa mahali pa kuutundika.

"Fundi," alisema msimamizi, kwa ile sauti ya kuagiza maji, "toa kompresa."

"Nitatoa," alisema. "Lakini kwanza gurudumu livuliwe, lori la watu lipite. Na desturi ya yadi hii ni kwamba dereva humsaidia fundi kuinua." Akaingiza jeki, akafungua nati moja baada ya nyingine, akaziweka zote ndani ya kifuniko cha kopo ili zisipotee. "Nahodha, shika upande ule."

"Wapakizi wapo," alisema mumewe.

"Desturi ni dereva."

Ilikuwa kweli, na kila mtu alijua kuwa ni kweli. Msimamizi akasonya. "Shuka bwana, usitupotezee siku."

Nahodha akashuka, mguu baada ya mguu. Alipofika mbele ya mkewe alimnong'oneza, kwa sauti ambayo Redio peke yake aliisikia na baadaye akaieneza: "Mama, usinifanyie hivi."

"Shika," alisema Fundi.

Akashika. Fundi alihesabu kama ilivyo kawaida, moja, mbili, na kwenye tatu akainua upande wake. Upande wa pili haukuinuka. Nahodha alibaki ameinama, vidole vimeganda kwenye rimu, shingo imekakamaa, macho yamemtoka. Kisha kitu kikatoka kifuani mwake, sauti ambayo haikuwa ya kulia wala ya kuita. Mpakizi mmoja, kwa mazoea, akatetea kama kuku. Wawili watatu wakacheka. Halafu kicheko kikakauka chenyewe, kwa kuwa mtu yule hakuweza kusimama wala kuchuchumaa. Magoti yakamwishia. Akalala ubavuni mwa trekta lake, na lenyewe likiwa limepiga goti.

Fundi angeweza kuishia hapo. Msimamizi alikwisha kuona alichohitaji kuona. Lakini kazi yake alijifunza kuimaliza. Alilishusha gurudumu taratibu, akalizungusha valvu ije juu.

"Tazama nukta hizi," alimwambia msimamizi. "Asubuhi nilizipanga zitazamane. Kifuniko kimefunguliwa baada yangu, na upepo umetolewa. Pini iliyoutoa iko mfukoni mwa shati lake."

Msimamizi aliinama, akatia vidole mfukoni mwa mtu aliyelala chini kama anayetoa kitu kwenye shati lililotundikwa, akatoa pini.

"Yako?"

"Yangu."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Hapo msimamizi akacheka, na hakuna aliyekumbuka kumwona akicheka kabla ya siku hiyo. "Basi mkono wa mwisho ni wake. Sheria ni sheria." Akamrudishia pini, akapanda kwenye trekta, akachomoa ufunguo. "Kompresa ibaki. Fundi anayeweza kumtoa mumewe mwenyewe, hawezi kuniibia hata nati."

Wapakizi walitazama chini. Hakukuwa na gari la kumpeleka Nahodha nyumbani, kwa hiyo walileta toroli. Redio alikwenda kibandani akasimama mlangoni.

"Naomba ile tyubu," alisema. "Njia ina mashimo."

Fundi akaitungua ukutani, akaijaribu kwa dole gumba, akampa. Kisha akarudi kwenye lori lililokuwa likisubiri nati zake zikazwe.

Kabla dereva mpya hajaanza, msimamizi alileta kiti kipya, chenye springi nne na mto wa ngozi. "Mgeni hawezi kukaa juu ya chuma," alieleza. Kwa kuwa hapakuwa na fundi mwingine wa kukifunga, kilifungwa na Fundi. Alikaza boliti zote, akakikalia kidogo kuhakikisha hakichezi, akashuka. Tairi jipya alilivisha kwa utaratibu uleule, sabuni, mkanda, milio miwili, mstari, nukta. Halijatoka tena hata siku moja, na hilo ndilo lililothibitisha mbele ya yadi nzima kwamba kosa halikuwa lake. Wapakizi wanamheshimu. Wanarudisha brashi mahali pake. Hakuna anayemwita Shemeji.

Nyumbani, mama mkwe alimpokea siku ile kwa sentensi moja tu. "Kata imetangaza."

"Na maji bado naleta, mama," alijibu Fundi, akatua ndoo.

Nahodha hajasimama sawasawa tangu hapo. Daktari alisema akae mahali palaini, asilale kwenye kitu kigumu kwa muda mrefu. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, mkewe huijaza ile tyubu kwa pampu ya mkono, huionja kwa dole gumba, na kuisogeza karibu na mkeka, mahali ambapo mkono wa mumewe unafika. Mume hutazama dari mpaka nyayo za mkewe ziishie barabarani.

Kwenye valvu ya tyubu ile Fundi ametia nukta mbili nyeupe.

Jioni akirudi huikuta imesinyaa kando ya ukuta, kifuniko kimekazwa vizuri, nukta zimepeana mgongo, na mumewe amelala pale pale kwenye mkeka, juu ya sakafu ya saruji. Ndani ya valvu huwa kumevunjikia ncha ya kijiti cha kiberiti, alichotumia mumewe kuutoa upepo. Fundi hupiga magoti, huchomoa pini kichwani mwake, hukitoa kijiti hicho bila kukidondosha, na kuanza kupiga pampu.